Kitabu cha Mia Moja Arobaini na Mbili

Nyanjige alipoteza kazi kwa sababu ya kitabu kimoja, na kitabu hicho nilikuwa nacho mimi. Naanza hapo makusudi, maana wapo watu Bariadi wanaosema aliiba, na wengine wenye huruma ya mdomoni wanasema alizembea. Hakuiba wala hakuzembea. Mimi ni Jenipha, muuguzi wa Kimali, na katika jambo hili sihitaji mtu wa kunisaidia kukumbuka.

Alizaliwa Ngulyati, akasoma hadi darasa la nane la zamani, basi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukarani wa mizani kwenye chama cha ushirika. Wakulima walimpenda kwa kuwa alipima pamba mbele ya macho yao na hakumkubalia mtu kuweka mguu kwenye mizani, awe mwenyekiti, awe shemeji yake. Baadaye akapewa chumba cha vitabu pale Bariadi mjini. Vilikuwa vyumba vinne vya namna hiyo: Bariadi, Ngulyati, Kiloleli na kwetu Kimali. Vilifunguliwa enzi za kisomo cha watu wazima, na ofisi moja ya elimu pale Bariadi ndiyo iliyokuwa ikilipa watunzaji. Vitabu vipya vilikuja miaka michache tu, kisha vikakoma. Kila chumba kikabaki na kile mchwa walichokiacha.

Sasa shida ilikuwa hii. Kiloleli walikuwa na vitabu vizuri vya hesabu na hakuna aliyevigusa. Sisi Kimali tulikuwa na vya mifugo, ambavyo wafugaji wetu hawakuvitaka, wanasema ng'ombe wanamjua wao kuliko kitabu. Bariadi kulikuwa na sayansi na historia. Mtu alikuwa anakosa kitabu huku, na kitabu hicho hicho kinaliwa na vumbi kule. Nyanjige jambo hilo lilimkera kuliko njaa.

Mwaka wa tisini na nne wakaja wafanyabiashara binafsi kununua pamba, na chama cha ushirika kikaanza kuyumba. Watu wengi walilia. Nyanjige naye alilia, kwa kuwa alikitumikia. Lakini alipomaliza kulia akaona malori. Msimu wa pamba malori yalikuwa yanaingia kila kijiji, yanakwenda matupu na kurudi yamejaa. Akawafuata madereva mmoja mmoja, akawaomba wabebe gunia la vitabu. Hakuna aliyemkatalia, maana ukimkatalia leo kesho anakuja tena, na keshokutwa pia.

Waliomkatalia ni watunzaji wenzake. Constantine wa Kiloleli ndiye aliyeweka ngumu kuliko wote. Alikuwa mzee mpole, fundi cherehani, lakini vitabu vyake alivilinda sana. "Mayu, vya Kiloleli vibaki Kiloleli," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Vikienda havirudi."

Nyanjige akamuuliza ana ng'ombe wangapi. Constantine akasema kumi na wawili nyumbani. Akamuuliza, na wasiokuwa nyumbani? Constantine akacheka, akainamia cherehani yake.

Kwetu Usukumani mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Anamkabidhi rafiki wa mbali wachache, na mwingine wachache, ili ugonjwa ukipita usimalize wote. Anayekabidhiwa anakunywa maziwa, analimia, ila ng'ombe si wake. Akifa mmoja, anampelekea mwenyewe ngozi aione. Nyanjige akamwambia Constantine: basi vitabu ni hivyo hivyo. Wewe nikabidhi vya hesabu, mimi nikukabidhi vya historia. Kila kimoja kitakuwa na alama ya kwao, kama mkato wa sikio la ng'ombe. Sisi tunywe maziwa tu.

Kuanzia siku hiyo mambo yakaenda. Aliandika orodha ya vitabu vya vyumba vyote vinne kwa mkono wake, akainakili mara nne, na kila chumba kikawa na orodha kamili. Ukitaka kitabu unamwambia mtunzaji wako, anaandika kikaratasi, kikaratasi kinapanda lori, baada ya wiki moja au mbili kitabu kinashuka. Kitabu kimoja kililiwa na mchwa Ngulyati, na mtunzaji wa huko akaleta jalada lake hadi Bariadi, akamkabidhi Nyanjige kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka. Kwa njia hiyo mimi nilipata kitabu cha Baiolojia.

Wakati ule nilikuwa mhudumu tu wa zahanati, nafagia na kuchemsha sindano. Habari za kupunguza wafanyakazi zilikuwa zimeenea, na tuliambiwa wasio na cheti cha kidato cha nne ndio watakaoanza. Nikajiandikisha mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vyumba vyote vinne vilikuwa na kitabu kimoja tu cha Baiolojia cha kidato cha tatu na cha nne, mali ya Bariadi. Nilikipata Juni ya tisini na sita. Mtihani ni Novemba.

Agosti mkaguzi akafika Bariadi. Alikuja kutafuta majina ya kupunguza, hilo lilijulikana. Akafungua orodha ya Bariadi: vitabu mia mbili na kumi na viwili. Akahesabu rafuni: sabini. Vya Kiloleli na Kimali vilivyokuwa pale hakuvihesabu, si vya Bariadi. Akauliza mia moja arobaini na mbili viko wapi. Nyanjige akajibu bila wasiwasi kwamba viko kwa wenzake, aende akaone.

Mkaguzi akaenda kweli, lazima tumpe haki yake. Alipita Ngulyati, akapita Kiloleli; kwetu Kimali hakufika. Kiloleli alimkuta Constantine kwenye cherehani, akamuuliza kama anatunza vitabu vya Bariadi.

"Hapana," akasema Constantine.

"Hata kimoja?"

"Hapa hakuna mali ya mtu, baba. Vilivyopo ni vya hapa hapa."

Ngulyati alikuwa amejibiwa vivyo hivyo. Msinielewe vibaya, hawakuwa waongo. Ila Msukuma aliyekabidhiwa ng'ombe wa mtu hawataji kwa mgeni, hasa mgeni mwenye kalamu. Akiulizwa atasema hana, na hiyo ndiyo heshima yake. Wale wazee walimwona mkaguzi anakuja, wakaficha vitabu vyenye alama ya Bariadi chini ya magunia, wakakana kwa moyo safi kabisa. Waliona wanamlinda Nyanjige. Kosa kama hilo ungelifanya wapi kwingine?

Mkaguzi akarudi Bariadi akaandika kwamba vitabu mia moja arobaini na mbili vimepotea mikononi mwa mtunzaji. Akampa Nyanjige hadi mwisho wa Septemba avirudishe vyote, la sivyo kazi hana na jina lake litakwenda polisi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mjane, na chumba kile ndiyo riziki yake yote.

Akapanda lori hadi Kiloleli. Constantine mwenyewe alinisimulia. Alimkaribisha, akampa kiti, akaondoa magunia na kumwonyesha vitabu vyote, safi, hakuna ukurasa uliokunjwa. "Alikuja mtu, mayu. Nimemkatalia." Alisema kwa furaha kabisa. Nyanjige akavitia guniani kimoja kimoja, kisha akamshukuru, "Wabeja, baba." Hakumweleza kwamba kukana kwake ndiko kulikomponza. Constantine alikuja kuambiwa na watu wengine, na hadi leo ukimtajia jambo hilo anaacha kushona.

Kwetu Kimali alifika tarehe ishirini na sita Septemba. Mtunzaji wetu akampa vitabu thelathini. Kilichobaki ni changu. Akaja zahanati, akanikuta nyuma ya jengo nasoma, sufuria ya sindano inachemka pembeni.

"Mwangaluka, Jenipha. Umefika wapi?"

"Mwangaluka, mayu. Kwenye damu. Siielewi."

Akachuchumaa, akanisomea ukurasa ule polepole kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, na tukauelewa wote wawili kwa pamoja. Akauliza mtihani lini. Nikamwambia Novemba, na kwamba nikianguka sina kazi. Akaniangalia, akasema, "Haya, soma." Akaondoka na gunia lake. Hakusema kitu kingine chochote, na mimi sikuuliza gunia lile linakwenda wapi. Nilifikiri ni safari zake za kila siku.

Tarehe thelathini alipeleka ofisini vitabu mia moja arobaini na kimoja. Karani aliyekuwepo siku hiyo aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Wakamuuliza cha mwisho kiko wapi. Akasema kiko kwa msomaji, kitarudi Novemba. Wakamwambia akilete leo, faili lifungwe na yeye abaki. Hata karani akamvuta pembeni akamwambia, mama, tuma mtu kwa pikipiki akakichukue. Nyanjige akasema kitabu hakichukuliwi kwa mtu katikati ya sura. Polisi hawakumpeleka, kwa kitabu kimoja ingekuwa aibu yao. Lakini walikuwa na idadi ya majina ya kutimiza, na lake wakaliandika.

Nilifanya mtihani Mwanhuzi. Siku iliyofuata nikapanda lori la Bariadi na kitabu changu kwenye kanga, nimefurahi kama mtu aliyeponywa. Chumba nikakikuta na kufuli jipya. Jirani ndiye aliyenieleza yote, pale pale barabarani, na sikuwa na mahali pa kuweka uso.

Nilimkuta nyumbani kwake, anachambua dagaa wa Lamadi ambao alikuwa ameanza kuwauza. Nilikuwa na hasira, nasema kweli. Sikumwamkia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini alinikalia kimya pale zahanati akanisomea habari za damu huku kazi yake inakwenda. Nikamwambia ningempa kitabu saa ile ile.

"Najua," akasema.

Nikalia. Yeye akajifuta mikono, akakichukua kitabu, akakagua kurasa moja moja kama kuna iliyochanika. Kisha akatoa daftari chini ya kitanda, akaandika tarehe ya kurudi mbele ya jina langu, akanipa nitie sahihi.

"Unapita Ngulyati ukirudi?" akauliza.

Nikasema sipiti, njia ya Kimali si hiyo.

"Pitia," akasema. "Kuna mwalimu anakisubiri tangu Agosti."