Doti ya Manchester

Dadangu mdogo alipopata kazi ya uuguzi Manchester, sote tulilia isipokuwa Nyanya. Yeye alimtuma. "Ukifika, niletee doti moja ya kanga. Ile nzito ya zamani." Kanga ya harusi yake ilichapwa huko, na hadi leo anafunikia redio. Kwake Manchester ilikuwa duka, kubwa kidogo kuliko haya yetu ya Majengo.

Kwa kuwa nilipita jiografia shuleni, nikateuliwa kumweleza huo mji. Nikamwambia pamba haioti kule kwa sababu ya baridi; ililetwa kwa meli kutoka mbali, ikafumwa, halafu kitambaa kikapakiwa tena kuja kuuzwa kwetu.

"Hao ni wachokozi," akasema.

Nikamwambia pia mji uko mbali na bahari, basi wakachimba mfereji mpaka meli zikaingia mjini. Nyanya akautazama mtaro wetu, ambao umeziba tangu nikiwa mtoto.

Dadangu alizunguka huko akinyeshewa, kisha akatupigia simu ya video. "Nyanya, hizo viwanda zilifungwa kitambo. Saa hii ni manyumba za watu. Hata hii naishi ilikuwa kiwanda ya pamba." Akatuonyesha nguzo za chuma na madirisha marefu.

"Yaani unalala kiwandani," Nyanya akasema, "na doti huna."

Kila Desemba tulimtarajia nyumbani. Mara zamu, mara makaratasi. Nyanya alikuwa akiuliza habari za kanga tu, nami nikaanza kumwona mkaidi.

Mwaka huu dadangu aliipata, kwa mwanamke anayeuza vitu vya kale, akampa mtu aliyekuwa anakuja Nairobi. Nilifurahi kama niliyeifuma mwenyewe. Nikaiweka mapajani mwa Nyanya. Akaipapasa pindo, akainusa.

"Ndiyo yenyewe."

Akaikunja, akairudisha kwenye mfuko ilimokuja, akanipa. "Mrudishie."

Nikapandwa na hasira. "Nyanya! Mtoto amehangaika miaka yote hii, na umesema ni yenyewe!"

Alikuwa anaangalia mlango, na hapo ndipo nilipoona kwamba analia.

"Nilimwambia alete," akasema. "Sikumwambia atume."