Bahari ya Karatasi Makere
Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chekechea kijijini Makere, katika miaka ya sabini, niliamua watoto watengeneze bahari. Mwenye duka mmoja wa Kasulu alinipa mifuko mitupu ya saruji. Tuliipaka bluu ya kufulia, tukaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Kisha nikamkatia kila mtoto samaki wa gazeti ambandike majini. Msichana mmoja mdogo alibaki amemshika wake kifuani.

"Mbona humweki baharini?" nikamuuliza.

"Oya, mwalimu," akakataa kwa Kiha. "Atalowa, aoze."

Samaki aliowajua yeye walikuwa dagaa wa gulioni, waliofika kutoka ziwani wakiwa wamekwisha kukauka. Nikamweleza kwamba samaki huishi majini, humo humo hula na kulala. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akauliza kama nimewahi kuiona bahari.

"Hapana," nikasema. "Nimeona ziwa tu."

Akatoka nje, akamlaza samaki wake juu ya jiwe lenye jua, akakaa kando kumfukuzia kuku. Sikumzuia. Baada ya muda wenzake wawili walibandua wa kwao ukutani, wakamfuata.