Bi Tangulia Achagua Pa Kuvukia

Huyu ndiye Bi Tangulia, mpagazi wa mlimani, binti wa mwanamke aliyepandisha jiko la chuma mgongoni mpaka kule juu ambako miti hukoma, mjukuu wa bibi aliyewavusha wapima ardhi mtoni wakiwa wamefumba macho kwa woga. Yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka madirisha ya kibanda cha juu, kule kwenye mawe na theluji, bila kupasua hata kioo kimoja. Jina alilopewa na wazazi lipo, ila hata wanawe wakiulizwa hukuna kichwa kwanza. Hili la Tangulia lilitokana na kazi. Kwa wapagazi wa upande ule, anayechagua pa kuvukia mto ndiye anayetia mguu wa kwanza majini. Hakuna kuonyesha kwa kidole huku umekaa pakavu. Na akishachagua, wengine hufunga midomo mpaka ng'ambo. Ugomvi, kama upo, hungoja nguo zikauke.

Alikuwa pia na sheria yake binafsi, isiyokuwa ya mtu mwingine: mzigo na mbebaji hawaachani. Alichokifunga kwa mkono wake alikifungua kwa mkono wake, huko juu, mbele ya mwenyewe. Wapagazi wengine walimcheka kwa hilo, lakini wenye vitu vya kuvunjika walimtafuta yeye.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha siku nzima ya jana yake, simu ililia akiwa ghalani. Ghala lake ni chumba kirefu chenye harufu ya mafuta ya taa na kamba zilizoloa, mikanda imetundikwa ukutani kwa misumari, mizani mlangoni. Aliyepiga ni mdogo wake wa kiume, mtunza kibanda cha juu, yule anayewalaza wapanda mlima.

"Dada, dawa yangu imeganda."

"Imegandaje? Si nilikwambia ulale nayo kifuani?"

"Nililala nayo. Nikageuka."

"Ukageuka kama gunia."

Alicheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Bwana huyo ana ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya sindano ikiganda haifai tena hata ukiiyeyusha. Iliyobaki bila kuganda ilikuwa ya kumfikisha jioni tu. Kushuka mwenyewe hakuwezi. Kichwa kilikuwa kimeanza kumzunguka.

Binti mkubwa wa Bi Tangulia, mpagazi naye na mama wa watoto wawili, alikwenda zahanati mbio mbio. Akarudi na dawa ndani ya themosi yenye maji baridi. "Wamenipa yote waliyokuwa nayo, Mama. Nyingine mpaka gari lije."

"Basi hii haimwagiki," alisema Bi Tangulia, akaifunga mgongoni mwake, akakaza mkanda.

Ukitoka kijijini kwenda kibanda cha juu, hapo katikati pana mto. Unavukwa kwa njia tatu: kivuko cha mawe cha karibu, kasha la waya la wifi yake, au mwendo mrefu kwenda juu kwenye uwanda wa kokoto ambako mto hugawanyika vijito vijito. Bi Tangulia alianza na kile cha karibu. Hakutazama maji. Alifumba macho akasikiliza, mpaka chini ya kelele za maji akaisikia sauti nyingine nzito, go, go, go, kama mtu anayegongagonga masufuria ndani ya pipa.

"Unasikia?"

"Mawe yanabingirika chini," alisema binti yake.

"Hapa leo si petu. Twende."

Njia ya pili ndiyo iliyomkaa kooni. Wifi yake huyo, mke wa huyohuyo mtunza kibanda, ndiye mwenye kasha la chuma linaloning'inia kwenye waya na kuvutwa kwa kamba inayopita kwenye roda. Siku lilipofungwa kwenye waya mara ya kwanza, Bi Tangulia alisema mbele ya kadamnasi kwamba kasha lile ni la mbuzi na viazi, si la binadamu mwenye miguu. Miaka imepita, watoto waliokuwepo siku hiyo wameoa, na wifi hajasahau hata neno.

"Karibu, mwenye miguu!" alimpokea mlangoni kwake kando ya mto, mikono imejaa grisi.

"Ahsante, mwenye mbuzi. Mumeo dawa yake imeganda."

"Najua. Kanipigia mimi kwanza."

Hilo lilimchoma kidogo Bi Tangulia, lakini hakuonyesha. Alipiga moyo konde. "Basi nipandishe. Leo na mimi ni mbuzi."

Binti yake aligeuka pembeni kuficha uso. Wifi hakucheka.

"Ningekupandisha, wifi yangu, tena ningewaita watu waje kushuhudia. Lakini hebu itazame nguzo ya ng'ambo."

Nguzo ilikuwa imeinama. Mvua ilikuwa imekula udongo kwenye shina lake.

"Tangu jana sijapandisha mtu," alisema wifi. "Waya nauamini. Nguzo siiamini. Kitu chepesi kitafika, lakini nani wa kukipokea?"

Ilibaki njia ya juu, na njia ya juu maana yake ni kuingia majini, si mara moja, kijito baada ya kijito. Mtu akianguka huko huinuka, akatukana, akaendelea. Themosi ikienda na maji imekwenda, na zahanati ilishakung'uta kabati. Bi Tangulia aliupapasa mkanda begani. Kisha akaufungua mkanda.

"Weka kwenye kasha. Sisi tutazunguka, tuikute ng'ambo."

"Mama?" Binti alidhani amesikia vibaya.

"Weka. Usinifanye niseme mara mbili."

Wifi aliivua sweta yake mwenyewe akaiviringishia themosi, akavuta kamba polepole. Kasha lilikwenda likiyumba juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Lilipogusa ng'ambo nguzo ilitikisika, wote watatu wakatikisika nayo, halafu ikatulia.

"Nakwenda na nyinyi," alisema wifi. "Mume ni wangu."

"Nani kakataa? Ila usituimbie njiani."

Walipofika uwandani jua lilikuwa bado halijaanza kuiyeyusha theluji ya juu. Likianza tu, mto hujaa mpaka jioni. Bi Tangulia alikwenda moja kwa moja pale pake pa miaka yote, akatia mguu. Maji yalimfika gotini, yakasukuma. Nyonga, ambayo tangu masika ilikuwa ikimnong'oneza mambo, sasa ikasema kwa sauti. Alijaribu tena. Mguu wa pili ulikataa kuufuata wa kwanza.

Akarudi nyuma, akakaa juu ya jiwe.

"Mimi siingii," alisema.

Hakuna aliyemfariji, na alishukuru kwa hilo. Asiyeingia hachagui. Binti alipita akitazama huku na huku, akapaacha pale pa mama yake, akashuka chini mpaka mahali papana, pabaya kwa macho, maji yametandaa machafu juu ya kokoto. Mdomo wa Bi Tangulia ulifunguka. Akaufunga kwa kiganja, kabisa, kama mtoto.

Binti na wifi, mkaza mjomba wake, walishikana mikono, nyuso zikiwa zimeelekea maji yanakotoka, wakaenda ubavuubavu. Katikati wifi aliteleza.

"Nakwenda!"

"Huendi popote, nimekushika! Simama, mkaza mjomba!"

Akasimama. Kijito cha kwanza, cha pili, kile kipana cha mwisho, wakatoka wakichuruzika maji. Kama pale pa zamani pangefaa zaidi, au pangewachukua, hakuna aliyejua, na Bi Tangulia hakuwahi kuuliza. Aliwatazama wakishuka ng'ambo kuelekea kwenye nguzo mpaka wakafichwa na mwamba. Baada ya kitambo wakatokea tena kwenye mwinuko wa njia ya kibanda, wifi akipunga sweta, binti amebeba kitu mgongoni.

Alirudi nyumbani taratibu, akipumzika anapotaka.

Jua likielekea kuzama, simu ikalia.

"Dada, nimeshachomwa sindano," alisema mdogo wake. "Sasa wanawake wawili wananigombeza kwa zamu. Na mke wangu anasema ulitaka kupanda kasha."

"Mwongo huyo."

"Binti yako naye anasema hivyohivyo."

"Kumbe kijiji kizima kimeshajua. Nipe binti yangu."

Binti alishika simu. Alikuwa anahema bado, au ni upepo wa kule. "Mama, kesho tukirudi tupite wapi? Palepale?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Bi Tangulia alitazama mizigo ya wageni wa wiki ijayo iliyopangwa ukutani.

"Mimi sipo huko, siwezi kujua," alisema. "Amka mapema, uusikilize mto, uchague mwenyewe. Na hawa wageni wa wiki ijayo, utawavusha wewe."

"Na wewe je?"

"Mimi nitafunga mizigo. Ya mtoni nimekuachia."