Mvuje Mchuzini

Mama yangu alirudi kutoka India moyo umetengenezwa, ulimi umegoma. Mwanzo tulidhani ni uchovu wa safari. Mke wangu akampikia kila alichokuwa akikipenda kabla hajaugua: muhogo wa nazi, changu wa kupaka, wali na mchuzi wa pweza. Mama akionja kidogo, akisema "Alhamdulillah, mkono wako mtamu," kisha anaisukuma sahani taratibu kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto. Mke wangu akinitazama mimi. Mimi nikiitazama sahani.

Mimi ni fundi wa mafriji hapa Madungu, Chake Chake. Ndimi niliyefuatana naye kwenye upasuaji, kwa hiyo nilijua kitu ambacho mke wangu hakukijua: kule India mama alikuwa anakula. Tena anakula kwelikweli, anafuta sahani kwa kidole.

Tulikuwa kusini mwa nchi ile, katika mji ambao hospitali zake zina watu wengi wa kwetu hata ukiita "Yakhe!" nusu ya ukumbi inageuka. Tulipanga chumba ng'ambo ya barabara, kwa mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, aliyevaa sari hata akipiga deki. Siku ya kwanza alimpokea mama mkoba wake na kumwita "amma".

Mama akanigeukia. "Mwambie mie si ami yake. Ami ni mwanamume."

Nikamweleza kwamba kwa lugha yao ina maana ya mama.

"Basi kumbe ni lile lile, wamelipinda tu." Na tangu hapo akawa naye anamwita yule mwanamke amma, wakawa wanaitana amma na amma kutwa nzima, kila mmoja akisema kwa lugha yake na kujibiwa kwa lugha nyingine, na mambo yakienda.

Kila asubuhi mwenye nyumba alipika dosa. Alikuwa na ndoo ya rojo la mchele na choroko nyeusi, limelala usiku mzima mpaka likaumuka. Alichota upawa, akaumimina katikati ya chuma cha moto, akauzungusha kwa mgongo wa upawa mpaka rojo likawa duara pana, jembamba, lenye kuonyesha mwanga. Mama alipoletewa ya kwanza aliinyanyua kwa ncha za vidole, akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii chila," akasema, mkate wetu mwembamba wa mchele. "Ila hawa wameipiga pasi."

Ilikuja na mchuzi wa dengu na ukwaju, wenyewe wanauita sambari, na ndani yake mnaelea vipande vya matunda ya mronge. Mama alipouona ule mronge alikasirika kabisa. "Sisi kule Ole tuna mronge umesimama nyuma ya nyumba tangu sijaolewa, tunachuma majani tu! Matunda tunawaachia mbuzi!" Akala. Baada ya upasuaji, daktari alipomruhusu chakula kigumu, kitu cha kwanza alichokimaliza kilikuwa dosa. Mimi sikuwa na kazi ya kufanya kule, basi nilikuwa nasimama mlangoni mwa jiko la yule mwanamke nikitazama. Akinichezea upawa usoni, akinipa nijaribu, akicheka, akininyang'anya.

Sasa tuko Madungu. Alasiri moja nilikuwa barazani nimelifungua friji la jirani yetu, maalimu wa chuo cha Qurani anayekaa upande wa pili wa uchochoro. Mama alikuwa amekaa karibu yangu, kanga mabegani, anatazama mabomba ya friji kama anatazama televisheni iliyozimwa.

"Mwanangu," akasema, "unadhani yule amma saa hizi anakoroga?"

Nikaiweka bisibisi chini. "Nitakupikia mimi."

Akacheka. Kidogo, puani tu, lakini kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu turudi. "Wewe? Wewe hujui hata chumvi ya nyumbani mwako inakaa wapi."

"Hajui kweli, mama!" mke wangu akapiga kelele kutoka ndani.

Choroko nyeusi tulikuwa nazo. Yule mwanamke alimfungia mama mfuko mzima siku ya kuondoka, ukasafiri katikati ya madira. Nikaziroweka, nikaroweka mchele, jioni nikavisaga kwa blenda mpaka blenda ikaanza kunuka. Rojo likatoka laini, jeupe, zuri. Nikajua kwamba linataka joto la kuumukia, na mtu wa kazi yangu anajua joto linakaa wapi. Lile friji la maalimu nilikuwa nimeshalitengeneza, nimeliacha linajiendesha ili kulijaribu. Nikaiweka sufuria ya rojo nyuma yake, juu ya kompresa, nikaifunika kwa sinia, nikaenda kulala nimejipongeza.

Asubuhi mke wangu aliniamsha kwa kunivuta mguu. "Njoo uone mtoto wako."

Rojo lilikuwa limelinyanyua sinia. Limemwagika pande zote, limetambaa kwenye nyaya, limejaa kwenye kompresa, na friji lenyewe likinguruma huku likitoa mapovu meupe nyuma kama linapiga mswaki. Mama alikuja na mkongojo wake, akalikagua.

"Limeumuka," akasema kwa heshima.

Lililobaki sufuriani lilitutosha. Nikawasha jiko la mkaa, nikaweka chuma cha chapati, nikakisugua kwa nusu ya kitunguu kama nilivyofunzwa. Dosa ya kwanza iling'ang'ania chuma mpaka nikaikwangua kwa kisu. Ya pili ilitoka, lakini ilikuwa na ghuba na rasi kila upande. Mke wangu akaiinua kwenye mwanga.

"Hii Pemba. Angalia, hii Wete, huku Mkoani."

"Shumba imeungua," akasema mama.

Tulicheka mpaka ya tatu nayo ikaungua. Lakini ya nne, sijui chuma kilishatulia au mkono wangu, ilitoka duara, nyekundu kwa chini, kingo zake zinajikunja zenyewe. Nikaishika juu kwa mikono miwili. Mke wangu akapiga kigelegele, hakujizuia, saa tatu ile ya asubuhi, na nadhani kigelegele kile kilichangia katika yaliyofuata.

Kulikuwa bado na sambari. Dengu nimezichemsha, mronge nimeuagiza kutoka Ole, ukwaju upo, haradali ipo. Kilichobaki ni kile kitu ambacho yule mwanamke alikuwa akikitia kwenye mafuta ya moto, unga wa manjano kutoka kwenye kikopo kidogo, unaonuka vibaya kisha unageuka kuwa utamu. Mama ndiye aliyekijua, kule kule India, kwa pua tu. "Mvuje huo," alisema siku ile, macho yamemtoka. "Wallahi mvuje!"

Na mvuje kwetu si kitu cha jikoni. Mvuje anafungiwa mtoto mchanga mkononi ili asisogelewe na shari. Mvuje anafukizwa mtu aliyeshikwa na shetani. Jana yake nilikuwa nimekwenda sokoni kwa muuza dawa za miti shamba, nikaomba.

"Pole sana," akaniambia. "Nani kashikwa?"

"Hakuna aliyeshikwa. Nataka kutia kwenye mchuzi."

Akanifungia mvuje, kisha, bila kuulizwa, akanitilia na ubani juu yake, akanipa mkono kwa huruma. "Mwenyezi Mungu akuafu, ndugu yangu."

Sikulijua jambo moja. Ule wa kwenye kikopo ulikuwa umechanganywa na unga, umepunguzwa makali. Huu wangu ulikuwa ndio wenyewe, jiwe la utomvu, jeusi, linanata. Lilikuwa mfano wa kokwa ya tende, nikaliona dogo, sikulikata. Mafuta yakapata moto, haradali zikaanza kurukaruka, nikalitumbukiza.

Siwezi kuieleza ile harufu. Ilikuwa na kitunguu thaumu ndani yake, na kiberiti, na kitu kingine kisichotajika mezani. Paka wetu alirukia nje kwa dirisha. Mke wangu alitoka mlangoni. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeshika sufuria, machozi yananitiririka, na mama alibaki kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na hawezi kunyanyuka upesi.

"Mwanangu," akasema, ameziba pua kwa kanga, "umetia jiwe zima?"

"Zima."

Hapo ndipo kicheko kilipomshika. Safari hii hakikutokea puani. Kilianzia tumboni, kikampandisha mabega, kikamtikisa kichwa, akawa anajipigapiga magoti, anayumba mbele na nyuma, sauti inakwenda juu kisha inapotea kabisa, anabaki mdomo wazi. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu kabla moyo haujaanza kumsumbua.

"Hodi! Hodi humu!"

Alikuwa mke wa maalimu. Hakungoja kukaribishwa. Ameshika buibui lake kwa meno, na nyuma yake maalimu mwenyewe, kanzu amevaa haraka, kofia imekaa upande.

"Yuko wapi?" yule bibi akauliza.

"Nani, bibi?"

"Mgonjwa! Tumesikia ukelele, halafu mvuje umetanda mpaka msikitini!" Kisha akamwona mama pale juu ya kibao cha mbuzi, anatikisika, machozi yanamtoka, hawezi kusema neno. Akashika kifua. "Ewe Mola wangu, limempanda! Limekuja naye toka Uhindini!"

Maalimu hakuwa mtu wa kupoteza wakati. Alisimama mbele ya mama, akafumba macho, akaanza: "Audhu billahi mina shaitani rajimu..." Mama alitaka kumwashiria kwa mkono kwamba hapana, akaishia kupunga hewani, na hilo likawa ushahidi mwingine. Mimi nilijaribu kusema, nikavuta moshi, nikakohoa. Mke wangu, nilimwona dirishani, alikuwa ameanguka kwenye ukuta kwa kucheka, hana msaada wowote.

Mke wa maalimu akapiga magoti mbele ya mama, akamkamata mikono, na kwa sauti kali ambayo watu humsemesha pepo akauliza:

"Sema! Wataka nini? Sema ukitakacho upewe, umwache mwana wa watu!"

Mama akavuta pumzi. Akaipata kidogo tu, ya kutosha maneno mawili.

"Nataka dosa!"

Maalimu akafungua jicho moja.

"Nini hiyo?" akauliza.

Nikainua dosa ya nne nikamwonyesha.

Ilichukua muda kueleza, kwa sababu kila aliyeanza kueleza alishindwa kumaliza. Maalimu alipoelewa alikaa chini juu ya mkeka, akavua kofia, akajipepea. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mke wake alimpiga mama kofi la begani, akasema, "Shoga, umenitoa roho!" kisha wakakumbatiana wakalia na kucheka pamoja, na kwa kweli nadhani walikuwa wakilia mambo mengine pia, maana mwanamke huyu alikuwa amekesha akimwombea dua mama siku ya upasuaji.

Nikalivua lile jiwe la mvuje kwa kijiko, nikamimina dengu, ukwaju, mronge, nikaacha vichemke. Harufu ikapungua, ikalainika, ikawa kitu unachotaka kukikaribia. Nikapika dosa mpaka rojo likaisha. Tukala sote pale pale jikoni, juu ya mkeka, kwa mikono. Maalimu alichovya, akatafuna, akafikiri.

"Hili jini," akasema, "lina adabu ya chakula." Akaomba nyingine. Alipokwenda barazani kunawa alikaa kidogo, kisha sauti yake ikaja: "Yakhe, fundi! Friji langu mbona lina ukoko?"

Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa anafuta sahani kwa kidole, taratibu, mzunguko mzima, anasikiliza mazungumzo. Hakujua kama natazamwa. Nilitoka nikajifanya naenda kulisugua friji, na nililisugua kweli, kwa mswaki, nikiimba kwa sauti mbaya mpaka mke wangu akaniomba ninyamaze.

Kuanzia siku ile hamu ya kula ikamrudia, na si ya dosa tu. Alikula muhogo. Aligombea kichwa cha samaki. Baada ya muda akanitoa jikoni kabisa, akisema mkono wangu mzito kwenye mvuje, akaanza kutia tui la nazi kwenye rojo, jambo ambalo halimo katika yote niliyofunzwa. Mke wa maalimu akajifunza kwake, wengine wakajifunza kwa mke wa maalimu.

Idi iliyopita alipikia uchochoro mzima. Alisimama mbele ya jiko asubuhi nzima, dira limepigwa fundo kiunoni, unga mpaka kwenye nyusi, anawapangia watu zamu na kuwafokea wanaoruka. Nikamletea kiti. Nikamwambia, mama, kaa upumzike kidogo.

"Kaa wewe," akasema, bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."