Tulipoitangulia Idd

Watu hudhani mrembo wa mtaa huogopa kuteleza na viatu vya kisigino jukwaani. Mimi sikuogopa kuteleza. Niliogopa watu, hasa wakiwa wengi na wamesimama karibu, na taji nililoshinda lilikuwa na kazi moja tu, kukusanya watu.

Sababu naijua. Muda mfupi kabla ya mashindano nilikwenda Gikomba na mama kutafuta mitumba. Tukasikia miluzi, kisha makelele, na mama akanivuta nyuma ya kibanda cha viatu. Vijana walikuwa wamemzingira mwanamke aliyevaa sketi fupi. Walimvua pale pale, mchana kweupe, huku wakicheka na kusema wanamfunza adabu. Mama, ambaye kanisani alikuwa mkali kuliko pasta kuhusu mavazi, alijipapasa mwili mzima akitafuta kitu cha kumfunikia na hakupata. Alilia njia nzima hadi nyumbani, mtaa wa Umoja. Tangu hapo hakutoka nyumbani bila leso ya kujifunga mkobani, na mimi akanipa yangu.

"Si ya jua hii," aliniambia. "Ni ya mtu ambaye hujakutana naye. Na anaweza kuwa wewe."

Mtaniuliza basi jukwaani nilifuata nini. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na kila mtu alinisifia shingo ndefu. Msichana akisifiwa shingo na hana la kufanya, siku moja atajikuta jukwaani.

Aliyeandaa mashindano alikuwa mwanamke mwenye saluni pale Umoja, ambaye sisi wasichana tulimwita Auntie. Sharti lake lilikuwa kwamba mshindi autumikie mtaa mwaka mzima na aonekane kila sikukuu. Nikafagia soko. Nikafua nguo za wazee wasio na watu kule mtaa wa Tena, kazi niliyoipenda kwa kuwa wazee hawajai mahali kwa fujo. Krismasi niligawa peremende kanisani, watoto wakanivuta gauni, nikapiga ukelele hadi pasta akakatiza maombi. Gauni lenyewe lilikuwa moja kwa sikukuu zote, la satini nyekundu, mabega wazi, na halikufika magotini.

Ikabaki Idd. Auntie akaamua tupike pilau tuwapelekee Waislamu wa mtaa wa Majengo. Sisi Wakristo wa Umoja Idd tuliijua kwa kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya maua, na kalenda ilikuwa imeshasema. Hakuna aliyeuliza mtu. Jirani yetu Mwislamu mwenye duka hakufungua asubuhi hiyo, nasi tukaona huo ni ushahidi tosha. Kumbe maskini alikuwa amewapeleka watoto wake mjini kuwanunulia nguo za kesho.

Wakati wa kuondoka mama alinisukumia leso kwenye dirisha la pikapu. Auntie aliitoa mapajani mwangu akamrudishia.

"Mama, Miss habebi vitambaa. Mikono yake ni ya kupungia watu."

Mama alibaki mlangoni ameishika ile leso kwa mikono miwili. Nilimtazama hadi tukapiga kona, na nilijua, kama mtu anavyojua mvua itanyesha, kwamba leo ndiyo leo.

Tulisimama kwenye uwanja mdogo katikati ya nyumba za Majengo. Nilipanda nyuma ya pikapu pamoja na sufuria. Auntie akashika kipaza sauti, "Idd Mubarak, watu wa Majengo!" na akafunua kifuniko cha kwanza. Harufu ya bizari na nyama ikatoka ikajaza vichochoro. Watoto walikuja mbio, halafu wakasimama ghafla, wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha sahani.

"Wanaona haya," Auntie akaninong'oneza. "Onja wewe kwanza, wafuate." Nikachukua kipande kinono cha nyama, nikatabasamu kama nilivyofundishwa, nikakitia mdomoni mbele ya macho ya watu wote.

Kijana mmoja akaita wenzake. "Oya, kujeni muone! Hawa wametuletea dishi na si tumefunga!"

Mzee mwenye kanzu akasogea, uso umekauka. "Mwezi haukuandama jana. Leo watu wamo ndani ya saumu. Mmekuja kutufuturisha saa saba mchana, au mmekuja kutucheka?"

Ile nyama ikaganda mdomoni. Kuimeza mbele ya watu waliofunga niliona ni kuwatukana mara ya pili. Kuitema mbele yao niliona ni vibaya zaidi. Nikasimama na shavu limevimba, taji kichwani, upawa mkononi, mapaja nje. Auntie aliomba msamaha, lakini kipaza sauti kilikoroma na nusu ya maneno yakapotea. Watu waliongezeka. Dereva alijaribu kurudi nyuma, na nyuma pia walikuwepo watu.

Kisha nikasikia mluzi. Mmoja, halafu mwingine ukajibu. Mluzi ule niliujua. Nilikuwa nimeusikia nyuma ya kibanda cha viatu.

"Na hiyo nguo je? Mwezi mtukufu huu!" sauti ya mwanamume ikasema.

Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikalia ukingo wa pikapu. Nilimuwaza mama pale mlangoni. Nikaanza kuvuta gauni lifike magotini, nalo kila nikilivuta chini lilishuka kifuani. Nikaona kundi la wanawake wenye mabuibui likipasua umati kuja kwangu, na mbele yao mama mmoja mnene anayepiga watu vikumbo. Nikasema moyoni, hata wanawake. Mkono wake ukashika pindo la gauni langu. Nikafumba macho, nikamngoja Mungu au aibu, yeyote atakayefika kwanza.

Kilichofika ni kitambaa. Kilinizunguka kiunoni kikakazwa fundo. Kingine kikashuka mabegani. Cha tatu kikaja juu ya kichwa, na taji likakandamizwa chini yake hadi likanichoma. Ndani ya lile giza lenye harufu ya udi nikasikia sauti ya yule mama sikioni, ya chini, karibu ya kucheka.

"Meza, mwanangu. Wewe hufungi."

Nikameza. Machozi yakatoka pamoja na nyama.

Akawageukia waliokuwa wakipiga miluzi. "Huyu ni mgeni, amekosea siku. Nani kati yenu hajawahi kukosea siku? Haya, beba sufuria, peleka kwangu." Na wale wale vijana wakabeba. Pilau likafunikwa kwa magunia hadi magharibi, likafuturisha kichochoro kizima. Auntie alipakua na wanawake wenzake bila kipaza sauti. Mzee wa kanzu aliomba aongezewe. Mimi nilikaa pembeni mwa kitanda cha yule mama, nimefungwa leso tatu.

Siku ya pili, Idd yenyewe, nilirudi nikiwa nimezifua na kuzipiga pasi. Alipokea mbili. Ya kiunoni aliikataa.

"Hiyo kaa nayo," akasema. "Utampata wa kumfunga."

Niliomba nisimpate. Nilirudisha taji mwaka ulipokwisha, nikapata kazi ya ukarani, nikawa naikwepa mikusanyiko kwa kupita upande wa pili wa barabara. Leso ilikaa ndani ya mkoba, chini kabisa, imekunjwa.

Kisha jioni moja, kwenye stendi, nikasikia mluzi mmoja, na mwingine ukajibu. Umati ulikuwa umejikunja kama ngumi. Watu wenye busara walikuwa wakiondoka, na miguu yangu ilikwishageuka pamoja nao. Sijui hadi leo ni nini kiliirudisha. Nilipiga watu vikumbo huku nikilia kwa hofu, nikafika katikati. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, amejikunyata chini, ameshikilia kilichobaki cha blauzi.

Nikamzungushia leso, nikakaza fundo. Meno yaligongana karibu na sikio langu, na sikuweza kujua kama ni yake au ni yangu.