Mtoto Aliyetangaza Vifo

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati ya Kibuta, Muuguzi Mfawidhi alinikabidhi mzani wa kliniki, ule wa kumning'iniza mtoto ndani ya kaptura ya kitambaa. "Huu utakwambia kilo tu," alisema. "Kama anaongea, na anaongea na nani, utajua ukifika kwao."

Maneno yale niliyaelewa nilipohamishiwa kijiji cha Janga. Akina mama walininong'oneza, "Nyumba ile usiende, nesi. Mtoto ana jini. Anatangaza vifo."

Nilikwenda mchana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kamba. Nikabisha hodi. Sauti ya mwanamke mzima, taratibu kabisa, ikajibu, "Tunasikitika kutangaza kifo cha..." Ikakatika.

Nilifungua kamba. Gizani alikaa mtoto wa miaka mitatu, Mwajuma, peke yake, ameuelekea ukuta. Nilipomuuliza jina, aligeuka, akakwaruza koo kama redio iliyopoteza mawimbi, kisha akarudia tangazo lile kwa sauti ileile.

Hapo ndipo nikaiona redio, juu ya kinu. Jioni nilimngojea mama yake, Zuhura, mjane aliyelima vibarua kwenye mashamba ya watu. Kila siku aliondoka kabla hakujapambazuka, akarudi hoi, hana nguvu hata ya kusema.

"Namwachia redio asiogope," alisema akilia. "Ningemwacha na nani? Wote wanamkimbia."

"Hana jini, Zuhura. Hana wa kumwitikia."

Nilimsihi jirani yao, Bi Tatu. Alikataa. Nikawa nakwenda kukaa naye na mtoto kibarazani, mpaka hofu ikampungua, akakubali kumlea mchana. Redio ikazimwa. Mwajuma akawa bubu kabisa, na ukimya ule ulitutisha kuliko tangazo. Kisha siku moja, Bi Tatu akipukuchua kunde, mtoto alinyoosha mkono: "Bibi, nipe." Bi Tatu aliangua kilio.

Sasa nimestaafu. Nimejifunza kuwa ufukara haumnyimi mtoto chakula tu. Humwondolea pia watu wa kusema naye. Juzi Mwajuma alikuja kunisalimu, amembeba mwanawe.

"Shikamoo, mama nesi. Yule mwanamke niliyekuwa nakaa naye ndani, kabla ya Bi Tatu, alikwenda wapi?"

"Ilikuwa redio, mwanangu."

Alimpapasa mtoto mgongoni.

"Nilimpenda sana," akasema.