Dada Kabula kwenye Uwanja Mkubwa

Juzi nilipita mtaa wa Nyasubi, nikaona watoto wakicheza mpira kwenye uchochoro wetu wa zamani, katikati ya kuta na harufu ya dagaa wa kukaanga. Nikamkumbuka dada yangu Kabula. Pale hakuna mvulana aliyeweza kumpokonya mpira.

Alasiri aliyokwenda kujaribiwa na timu kwenye uwanja mkubwa, aliwapiga chenga mabeki, kisha akabaki amesimama na nafasi yote ile mbele yake.

"Piga mbali, binti!" kocha alipaza sauti.

Alipiga, mpira ukadunda karibu tu. Nilidhani anaumwa.

"Dada, umechoka?" nilimuuliza tukirudi nyumbani.

"Uwanja wenyewe hauishi," alijibu.

Sasa najua kule uchochoroni hakuwahi kupata mahali pa kupiga mbali. Kesho yake wenzake walipomwita mlangoni wakacheze mpira, alisema anafua. Nguo zote zilikuwa safi.